Na Mtandao Ukikatika Je?

Wazazi walimpa jina zuri tu, lakini kwenye vikao vya Jumamosi vya watengeneza programu hakuna aliyelijua. Kule aliitwa Ukikatika, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Kila Jumamosi mchana alipanda ngazi hadi ule ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa, akashika kiti cha karibu na meza ya chai, akajaza sahani biskuti, akasikiliza nusu nusu. Mtoa mada alipomaliza tu, mkono juu: "Samahani mtaalamu, nina kaswali kadogo. Na mtandao ukikatika je?"

Basi hapo mtoto wa watu, aliyehangaika na slaidi wiki nzima, anaanza kuzirudia moja moja. Kwa sababu, tuseme ukweli, hilo hakulifikiria. Ukumbi unacheka, na Ukikatika anakaa taratibu, anachovya biskuti kwenye chai. Mchokozi huyo! Aliwaharibia watu Jumamosi zao weee, mpaka bwana mmoja akahamia kikao cha wapiga picha.

Sasa ikatokea mkataba wake wa kazi umeisha na haukuongezwa. Akahamia sebuleni kwa dada yake, msusi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Hazikupita siku nyingi likatoka tangazo: mkurugenzi wa kampuni inayotengeneza mifumo ya zahanati atakuja kikaoni kusikiliza watoa mada, na atakayemridhisha atapewa kazi. Mwenyekiti wa kikao akapanga majina, na juu kabisa akaliweka la Ukikatika, huku akitabasamu tabasamu la shari. Ukikatika akajua anachopikiwa. Siku hiyo watamrudishia swali lake, tena kwa kelele.

"Waje tu," alimwambia dada yake. "Mara hii watanitambua."

Akatengeneza programu ya zahanati isiyojali mtandao. Muuguzi anamwandikisha mgonjwa, anaandika ugonjwa, dawa na simu ya mtu wa karibu. Mtandao usipokuwepo, kila kitu kinatunzwa ndani ya kompyuta. Ukirudi, meseji zinaondoka kwenda kwenye simu hiyo. Kujaribu ile sehemu ya kwanza kulikuwa rahisi, maana pale nyumbani mtandao haukuwepo kwelikweli. Bando lilikuwa limekwisha, na dada alikataa katakata kununua jingine. Na wagonjwa wa kujaribia? Akawaokota kwenye kundi la simu la kikao, kwa namba zao halisi. Magonjwa akawagawia yeye. Alicheka peke yake sebuleni mpaka dada akamgongea ukuta.

Wasiwasi ulibaki mmoja. Itakuwaje wakimkomoa kwa kunyamaza?

"Dada yangu, njoo ukae nyuma," alimbembeleza. "Wakikaa kimya, nyanyua mkono uulize, na mtandao ukikatika je. Basi. Jibu ninalo, tamu ajabu."

"Halafu hutalitaja tena hilo swali ndani ya nyumba yangu?"

"Naapa."

"Haya, nitakuja."

Siku ikafika. Mkurugenzi, mama wa makamo mwenye miwani, alikaa mstari wa mbele na uso usiosema kitu. Ukikatika akaeleza mwanzo mpaka mwisho, shati limelowa jasho. "Kuna swali?" akauliza, akangoja.

Kimya. Watu wamekunja mikono, tuli. Mwenyekiti anahesabu taa za darini. Walikuwa wameshapatana, mafedhuli wale! Mkurugenzi akaanza kufunga mkoba wake. Ukikatika, roho juu, akamkonyeza dada.

Dada akasimama. "Mimi ni msusi, mambo ya kompyuta siyajui. Ila nyumbani wimbo ni huo huo, ukikatika, ukikatika, hadi masikio yamechoka. Mimi nauliza hivi. Na mtandao ukirudi je?"

Ukumbi ukaangua kicheko, wengine wakapiga viti. Ukikatika alimtazama dada yake kwa jicho la kuua. Mkurugenzi akaufungua tena mkoba na kutoa kalamu.

"Swali zuri," alisema. "Hebu tuonyeshe."

Aonyeshe nini, jamani? Tangu aianze ile programu hajawahi kuiunganisha na mtandao hata mara moja! Lakini angefanyaje? Akaunganisha na mtandao wa ukumbi.

Simu ya mwenyekiti ikalia. Ikafuata ya jirani yake, halafu nyingine, halafu ukumbi mzima. Hapo ndipo Ukikatika alipowakumbuka wagonjwa wake. Mungu wangu!

"Ndugu Mwenyekiti," mwenyekiti alisoma kwa sauti, polepole, "vipimo vinaonyesha umejaa maneno. Kunywa maji, kisha kaa chini."

"Mimi naambiwa maandishi ya slaidi zangu ni madogo kuliko vijidudu!" akafoka bwana mmoja.

"Mimi eti nina upungufu wa mifano, nitumie kutwa mara tatu!"

Kelele, vicheko, matusi mepesi. Kisha ikalia simu ya mkurugenzi, na watu wakanyamaza wenyewe. Siku moja, baada ya kuwacheka wenzake akachoka, Ukikatika alijiandikisha na yeye. Penye simu ya mtu wa karibu akaweka namba iliyokuwa mbele ya macho yake, ile ya kwenye tangazo la kazi.

Mkurugenzi akapandisha miwani. "Mgonjwa, Ukikatika. Ugonjwa, woga. Huwauliza wenzake kabla hajaulizwa yeye. Dawa, bado inatafutwa."

Hakuna aliyecheka. Ukikatika alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka, na kazi aliihesabu imekwenda.

Mkurugenzi akageuka nyuma. "Kuna aliyepata meseji mara mbili?"

Wakatikisa vichwa.

"Ambaye hajapata?"

"Mimi!" bwana wa pembeni akalalamika, kama aliyenyimwa chakula. Kumbe simu yake ilikuwa imezimwa. Akaiwasha, ikalia palepale, akasoma, akanuna.

"Muda wote huo bila mtandao, na hakupotea mgonjwa hata mmoja," mkurugenzi alisema. "Mfumo wetu wa sasa ukizimika asubuhi, jioni tunawatafuta watu." Akamgeukia Ukikatika. "Sasa, mimi umeniandika mtu wako wa karibu. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza swali. Unaweza kuanza kazi lini?"

Ukikatika akafungua kinywa. Mtu aliyewauliza wote, leo kaulizwa yeye.

"Jumatatu!" dada akamjibia kutoka nyuma. "Na sebule yangu naitaka Jumapili."