Biti za Jumatatu

Drili ya umeme ilikuwa na mwezi mmoja tu katika karakana ya Bwana Osborn pale Tororo, na tayari ilikuwa imeota tabia. Jumanne ilitoboa chuma kama kidole kinavyotoboa ugali. Jumatano vivyo hivyo, hadi Jumamosi. Lakini Jumatatu, we! Okiror, mtoboaji wa karakana hiyo, akiibana biti, kile chuma chembamba cha kutobolea, kinywani mwa drili na kuikandamiza juu ya chuma, kinywa kinazunguka, biti imegoma. Mkia wake, pale unapobanwa, unalia na kuchubuka. Jumatatu mbili mfululizo zilikuwa zimeharibu biti tatu, na vitanda vya shule ya bweni ya Mulanda vililala sakafuni bila miguu.

Fundi mkuu alikuwa Chrispinus, mtu wa kuvuka kila asubuhi kwa baisikeli kutoka ng'ambo ya mpaka wa Malaba. Yeye hakuumiza kichwa.

"Ni malwa ya Jumapili," alisema, akimaanisha ile pombe ya ulezi. "Mtu anaamka na usingizi wake, anakaza tundu moja, mawili anayasahau."

"Mimi nakaza shimo yote tatu," Okiror alijibu. "Malwa ya jana iliisha jana, fundi."

Kinywa cha drili ile kilikuwa na meno matatu ya kuishika biti, na ubavuni matundu matatu ya kuingizia ufunguo wa kukazia. Mvivu hukaza tundu moja akaridhika. Okiror aliapa kwamba yeye si mvivu, lakini nani humwamini mtu aliyeonekana Jumapili ana mrija wa malwa mdomoni?

Chrispinus alimwuliza pia Taaka, mtunza vyombo. Taaka alikuwa mjane wa Kisamia kutoka Lumino, binti wa mhunzi, na kiburi chake chote kilikuwa katika stoo ile. Hakuna patasi iliyopata kutu mikononi mwake.

"Vyombo vyangu ni vizima," alisema. "Msinitafute mimi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkalia Okiror shingoni. Jumatatu ya tatu ilipofika, Chrispinus alikuwa ameshatoa hukumu: biti ikiteleza tena, Okiror aweke ufunguo mezani aende kwao. Na kwao kulikuwa na watoto watano.

Sasa, Taaka alikuwa na ugonjwa mmoja. Jambo asilolielewa lilimwasha kama upupu. Ulevi ni ulevi, sawa. Lakini ulevi gani huu unaojua biti? Jumatatu iliyopita alikuwa ameona kwa macho yake biti ikiteleza mara tatu asubuhi, kisha ileile, jioni, ikashika barabara. Okiror akachukua nyingine mpya kutoka stoo, nayo ikateleza. Mlevi hulevuka mara moja, halewi upya kila akibadilisha biti.

Asubuhi hiyo, kabla Chrispinus hajafika, Taaka alitoka stoo na biti moja mkononi.

"Okiror, hebu kaza nione."

"Na wewe unataka kunihesabia?"

"Nataka kujua tu. Kaza."

Okiror aliiweka biti katikati ya meno matatu, akaizungusha kwa vidole kuona kama imekaa sawa. Akakaza tundu la kwanza, la pili, la tatu, kisha akarudi la kwanza. Mshipa ulimtoka shingoni. Taaka hakuona kosa hata dogo.

"Ngoja," alisema. "Nichore mstari kutoka kwenye meno hadi kwenye biti. Biti ikiteleza, mstari utakatika, nasi tutajua imeteleza kiasi gani."

Alichukua chaki ya kupimia. Kwenye meno ya drili chaki iliandika vizuri. Kwenye biti ikakataa. Akakandamiza, ikaserereka. Akapitisha kidole, akakinusa.

Simsim.

"Chuma hakilali kikavu," baba yake alikuwa akisema, na kila jembe lililotoka katika kiwanda chake lilipakwa mafuta kwanza. Taaka alikua na neno hilo. Kila Jumamosi mchana, kabla ya kufunga stoo, alipaka vyombo vyote mafuta ya simsim ili unyevu wa Jumapili usivikute uchi: koleo, patasi, na mwezi huu mmoja, biti pia, kuanzia ncha hadi mkiani. Ikifika Jumatatu jioni, joto na kitambaa cha Okiror vilikuwa vimekwisha kula mafuta yote.

Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Angeweza kuzifuta biti kimyakimya, na Okiror angebaki kazini. Lakini watu wangesema ameacha malwa, na doa lingebaki palepale.

Baisikeli ya Chrispinus iliegemea ukutani. "Haya, tuone ya leo," alisema akiingia.

"Fundi, kosa ni langu," Taaka akasema. "Nimezipaka mafuta mpaka mkiani. Okiror hana kosa."

Chrispinus alinusa biti. Akachukua kitambaa chenye petroli, akafuta mkia, akafuta na meno kwa ndani, kisha akampa Okiror. Okiror akakaza. Drili ikanguruma, na maganda ya chuma yakaanza kujikunja juu ya kitanda cha kwanza.

"Mama, paka ncha," Chrispinus alisema. "Mkia uache mkavu."

"Na pole?"

"Pole ya nini?"

"Ya kumsingizia malwa. Mwambie. Na mimi namwambia: Okiror, pole sana, ndugu yangu."

"Pole, bwana," Chrispinus akanung'unika, akienda zake.

Okiror alizima drili. Hakucheka.

"Jana nimeambia bibi yangu mimi nimeisha," alisema. "Nimemwambia mikono imekufa, turudi kulima tu. Maana nilikuwa nakaza, mama. Nilikuwa nakaza kabisa."

Akaufungua mkono wake wa kulia. Taaka akainama kuutazama. Katikati ya kiganja, pale ufunguo ulipokuwa ukikaa, ngozi ilikuwa imetoka yote.