Siku Tatu Mgongoni

Hoteli yangu ilikuwa nyuma ya soko la Mbeya. Viti vilikuwa kumi na viwili, lakini kila asubuhi walijaa watu ishirini, wengine juu ya magunia, wengine wamesimama mlangoni na vikombe mkononi. Chai yangu haikuwa tamu kuliko ya jirani. Nilikuwa na Mzee Halfani, basi.

Mzee Halfani alikuwa mtu wa Kilwa. Alikuja bara kijana, na chumvi ya kuuza, vita vya kwanza vya Mjerumani na Mwingereza vikamkuta huku, akaajiriwa kuwapikia askari wa Kiingereza. Kisa chake kilikuwa kimoja tu, cha Bwana Wili, na kisa hicho kiliniuzia vitumbua miaka saba.

Bwana Wili hakuwa ofisa. Askari wa chini kabisa, begani hana kitu, kwao fundi viatu. Mzee alisimulia hivi: kikosi kilikuwa kinaihama kambi yake karibu na Iringa, Wajerumani wako nyuma yao, Bwana Wili akabaki nyuma. Halfani akarudi peke yake kumwokoa. Akapigwa risasi ya mguu, wakatekwa wote wawili, na hata hivyo Halfani akambeba Mwingereza wake mgongoni kuelekea Mahenge, ambako Bwana Wili alifia kifungoni. Hapo mzee alipandisha kanzu tulione kovu la muundi.

Nilipofungua hoteli, alimbeba siku tatu. Kufika mwaka hamsini na nne, zilikuwa tisa.

"Leo ngapi, mzee?" aliuliza Asukile, fundi baiskeli, mdomo umejaa kitumbua. "Wiki jana ilikuwa nane. Huyo mzungu anaongezeka uzito au njia inarefuka?"

"Ziba pancha zako, Asukile. Vita huvijui."

Watu walicheka, na mimi nikamimina chai nyingine.

Kati ya waliowahi kucheka pale alikuwamo Edmund Kalinga, kijana wa Kalenga, karani wa serikali Iringa, aliyepita Mbeya likizoni. Mwaka uliofuata akarudi na mkoba. Barua kutoka Uingereza ilikuwa imefika mezani kwake, inamuulizia askari anayeitwa Wilfred, fundi viatu, aliyefia Mahenge. Kalinga akakumbuka hoteli yangu.

"Mzee, nataka maelezo yako kwa kiapo," alimwambia. "Nitayaandika, utie dole gumba, yaende Ulaya."

Ulaya! Mzee Halfani hakulala na habari hiyo. Aliitangaza msikitini, akaitangaza sokoni, na Jumamosi asubuhi hoteli ilijaa mpaka nikaogopa kuta. Mkewe, Bi Mwanakhamisi, alikaa na wanawake wenzake kwenye mlango wa jikoni, amejitanda kanga mpya. Mzee mwenyewe alivaa koti juu ya kanzu.

"Kamwene," Kalinga aliwaamkia Wahehe waliokuwamo, kisha akafungua mkoba. "Kabla ya kiapo nawasomea barua, mzee ajue anachoulizwa."

Ilikuwa ya dada yake Bwana Wili. Kalinga aliigeuza Kiswahili taratibu, mstari kwa mstari:

"Nina miaka sitini na moja. Katika mji wetu kuna ukuta wenye majina ya vijana wote waliokufa vitani. La kaka yangu halimo. Karatasi za jeshi zinasema siku ya kuhama kambi alikuwa mzima, akaondoka kikosini bila ruhusa, ndipo akakamatwa. Kwa hiyo wanamhesabu mtoro. Mama alikufa hajakubali. Kama yupo mtu aliyekuwapo, naomba anieleze kitu kimoja: kwa nini kaka yangu alibaki nyuma?"

Miaka saba tumesikiliza kisa kile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza hivyo.

"Haya, mzee," alisema Kalinga. "Utaapa kwa Msahafu?"

"Nitaapa," alisema Mzee Halfani. "Nipeni maji kwanza. Siushiki bila udhu."

Nikampeleka uani na birika. Alinawa mikono, akasukutua, akanawa uso, yote upesi upesi. Alipofika miguuni akakwama. Maji yalimiminika juu ya kovu na yeye analitazama tu.

"Mzee, watu wanangoja," nikamwambia. "Nenda kasimulie kama siku zote, wamekuja kwa ajili yako."

"Nikisimulia kama siku zote, Jaha, yule anabaki mtoro."

"Kwani si wewe uliyemrudia?"

Aliweka birika chini, akashusha kanzu, akaingia ndani.

Aliapa kwa sauti. Halafu, badala ya kukaa kwenye kiti chake, alisimama katikati ya watu na kuupandisha mguu juu ya benchi.

"Karani, andika. Hii si risasi. Hiki kilikuwa kidonda cha funza."

"Mama yangu!" Asukile alisema.

"Kilioza mpaka nikashindwa kukanyaga. Kikosi kilipoondoka niliachwa chini ya mti na kibuyu cha maji. Wapishi na wapagazi tulikuwa wengi, hakuna aliyetuhesabu. Bwana Wili alijua kwa sababu jioni ile hakuletewa chai. Alikuwa akinishonea viatu, mimi namwekea chai ya mwisho ya sufuria. Basi akarudi. Ruhusa hakuomba, maana asingepewa. Alinikuta alfajiri, akacheka, akasema, 'Halfani, chai iko wapi?' Wajerumani wakatukuta hapo hapo."

"Na kubebana?" aliuliza Kalinga, kalamu inakimbia.

Mzee akamtazama mkewe kwanza.

"Alinibeba yeye. Siku tatu. Mateka aliyeshindwa kutembea alikuwa anaachwa porini, na mimi nilikuwa nimeshindwa. Siku ya nne kidonda kikapasuka, nikaweza kuchechemea. Mahenge alishona viatu vya Wajerumani miezi miwili, wakampenda hata wao. Masika yakaingia, akapata kuhara damu. Alikata roho siku ya Jumanne, adhuhuri. Kaburi tulichimba watu wanne. Mtoro harudi nyuma kwenye adui, karani. Andika hivyo."

Kalinga alipumzisha kalamu. "Mzee, nilikusikia mwaka jana. Ofisini wataniuliza nijuaje kama hiki nacho si kisa."

"Waambie," alisema Bi Mwanakhamisi kutoka jikoni, "huyu mume wangu nimeishi naye miaka thelathini. Akidanganya, hubeba. Hajawahi kubebwa."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko, na karani naye akacheka, akaandika. Mzee Halfani alitia dole gumba, akatoka bila kumuaga mtu.

Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja. Jumanne nilimwona kasimama ng'ambo ya barabara, anajifanya kutazama ndoo za mhunzi. Nikamtuma Asukile. Asukile alimshika mkono, akamvuta ndani mbele ya watu wote.

"Mkalisheni mzee, mguu wake mbovu," alisema. "Haya, baba. Tusimulie. Alikubeba siku ngapi?"

Mzee alitutazama mmoja mmoja, anatafuta dharau. Aliona watu ishirini na vikombe.

"Tatu," alisema.

Kalinga alirudi baada ya miezi minane na picha ndani ya bahasha. Ukuta wa mawe, majina mengi yaliyofifia, na chini kabisa moja lenye herufi mpya zinazong'aa. Kulikuwa na barua fupi. Dada alitaka kujua kama kaka yake alicheka kweli alipouliza chai.

"Mjibu kwamba alicheka," alisema Mzee Halfani, "na kwamba meno ya mbele yalikuwa na mwanya."

Picha tuliitundika juu ya jiko. Wageni wanaiuliza, na mzee huanza upya, chai ikichemka. Alfajiri imepata ukungu ambao haukuwapo zamani, na Wajerumani wameongezeka kidogo. Mimi humsikiliza mpaka afike kwenye siku. Bado ni tatu.