Kabichi za Secilia na Umeme wa Udongo

Mtaalamu Lucian alipofika kijijini Lukozi kutangaza kwamba udongo wao una umeme, Secilia alifurahi kwa adabu tu, maana ule wa nguzo ulikuwa umekatika nyumbani kwake tangu juzi.

Lucian alieleza kwa upole wa mtu asiyewahi kushika jembe. Udongoni mna bakteria wasioonekana kwa macho. Wakila uozo, huacha umeme kidogo. Unafukia vibao viwili vyeusi vya kaboni, unaukusanya, nao unaendesha kifaa kidogo cha kupima unyevu. Udongo ukikauka, simu ya Secilia itapata ujumbe. Ujumbe usipokuja, udongo uko vizuri, na asimwagilie hata tone, asije akaharibu utafiti. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa soda zilikuwa zimeshaletwa. Secilia alinyoosha mkono mbele ya kikao kizima akaahidi kufuata maelekezo, naye, mwanakwaya wa Kilutheri, si mtu wa kuvunja ahadi. Vibao vikafukiwa shambani kwake.

Maji ya mfereji huko ni ya zamu. Asiyeyafungulia siku yake, yanapita kwa jirani, naye angoje siku kumi. Zamu ya Secilia ilikuwa Alhamisi, na kabichi zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kufunga vichwa, wakati ambao zinataka maji kuliko wakati wowote. Alichomeka kidole ardhini kama alivyofundishwa na mama yake, kikatoka na vumbi. Akatazama simu. Kimya. Jirani yake Aron alimuuliza mara mbili kama kweli anayaacha maji.

"Tumeambiwa mpaka kifaa kiseme," alijibu, roho ikimuuma.

Aron hakubisha. Nani abishane na sayansi, maji yakielekea shambani kwake?

Kifaa hakikusema. Majani ya nje yalinyauka, yakafuata ya ndani, na Secilia akawa anapita shambani akitazama pembeni kwa uchungu. Siku ya tisa Lucian akaja, akatoa shikamoo safi kabisa, akafungua kiboksi cha kifaa, akachokonoa, akatoa majibu: bakteria hawafanyi kazi bila unyevu. Udongo ukikauka wanalala, na umeme unakatika.

"Kwa hiyo, mwanangu," Secilia alisema polepole, "hiki cha kuniambia udongo umekauka, udongo ukikauka kinakuwa bubu."

Lucian alipendezwa sana. Aliandika maneno yale kwenye daftari, akasema ni changamoto nzuri mno kwa ripoti. Kisha akaomba maji kidogo.

Secilia alikuwa ametoka mtoni na ndoo moja kichwani, ya kuokoa kabichi sita alizokuwa bado ana tumaini nazo. Lakini mgeni hanyimwi maji. Akampa, naye akaimimina ndoo nzima juu ya vibao vyake. Wakakaa juu ya tuta kungoja bakteria waamke na kifaa kiwake upya, kitume hali ya udongo, hadi kivuli cha mti wa mgrivea kikawafikia.

Simu ikalia. Secilia akasoma kwa sauti: "Hongera, mkulima. Udongo wako una unyevu wa kutosha. Usimwagilie."

Lucian akainua kamera, akamwomba asogee karibu na kifaa, na ikiwezekana atabasamu. Secilia alimtazama kwa hasira ambayo hakujua kama anayo. Akaokota ndoo yake tupu, akaanza kuteremka tena mtoni. Zile kabichi sita hazikujua kusoma.