Sweta la Waino

Mwaka huu jaji alikuwa Lempi Kangas, na msidhani ni kwa sababu ya busara zake. Vidole vilikuwa vimemgomea tangu theluji ilipoyeyuka, hata kifungo cha blauzi kilimshinda, na pale kwenye nyumba ya wazee asiyeweza kutengeneza sanamu la kutishia ndege hupewa kazi ya kuwahukumu waliotengeneza. Ndivyo alivyopanga Darlene, msimamizi wa michezo na burudani, mwanamke wa miaka hamsini na ushei ambaye kila Oktoba huvaa hereni nzito za umbo la boga mpaka wazee wanayaonea huruma masikio yake.

"Bi Lempi, kalamu hii, daftari hili. Kila sanamu ulipe alama, halafu saa tisa, wakati wa kahawa, unatutangazia mshindi. Upendeleo sitaki!"

"Nimpendelee nani? Wote siwapendi," Lempi akasema.

Hapo alidanganya. Mmoja alimpenda, tena sana: Aune Saari, wa chumba cha mkabala. Walizaliwa kijiji kimoja cha wachimba shaba, wakafundishwa katekisimu na mchungaji mmoja, na siku Lempi alipoolewa na Waino Kangas, Aune ndiye aliyemshikia maua. Miaka mitano baada ya Waino kufa, Lempi alipoteleza bafuni akalala sakafuni nusu siku, Aune akaanza kumpigia simu kila jioni. "Njoo huku, shoga. Chakula anapika mtu mwingine, theluji anazoa mtu mwingine, na umbea wote uko chini ya paa moja." Lempi akauza nyumba akaja. Sasa ni mwaka wa nne, kahawa ya asubuhi pamoja, meza moja, kiti kwa kiti.

Basi akatoka uani na kigari chake cha kutembelea, Darlene pembeni. Masanamu yalikuwa kumi na moja, yamesimamishwa kando ya ua, yamejazwa nyasi kavu, na majani mekundu yanayaangukia vichwani. Wenyewe wamekaa mbele yake, wamejiviringisha mablanketi. Moja lilikuwa na meno ya bandia, na mwenye meno yake alikuwa hapo hapo akitabasamu kwa ufizi. Jingine limevalishwa suti nyeusi na tumbo la mto, likafanana na mchungaji wao mpaka watu wakawa hawataki kucheka kwa sauti. Lempi akaandika alama, akatania, akatukanwa, akajibu. Siku ilikuwa nzuri.

Sanamu la saba lilikuwa la Aune, ila Aune mwenyewe alikuwa ndani akikata mkate.

"Jamani, itazameni mikono!" Darlene akapiga kelele. "Mmoja mrefu, mmoja mfupi! Aliyefuma sweta hili ama alikuwa amelewa, ama alikuwa anatazama tamthilia."

Wazee wakaangua kicheko. Na Lempi akaanza kucheka nao, kisha akaitazama vizuri mikono ile.

Mkono wa kulia wa Waino ulivunjwa na gari la mawe mgodini alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, ukaungwa vibaya, ukapona ukiwa mfupi kwa upana wa vidole vinne. Mashati ya dukani alikuwa anayakunja. Majira ya baridi ya mwaka 1970 Lempi akamfumia sweta la kumfaa mtu mmoja tu duniani: mkono wa kushoto mrefu, wa kulia mfupi, rangi nyekundu ili wawindaji wenzake wasimdhanie kulungu. Alipofika mwisho wa mkono wa kushoto sufu nyekundu ikaisha. Akafumua soksi za kijivu za marehemu baba yake, akamalizia nazo.

Novemba ya mwaka uliofuata Waino akarudi kutoka kambi ya uwindaji bila sweta. Eti alilianika juu ya jiko usiku, likashika moto, yakabaki majivu. Lempi alilia. Na kwa jinsi Waino alivyoonekana kujuta, mwishowe ni Lempi aliyembembeleza yeye, akamwokea na mkate wa iliki.

Sasa akasogea. Akaushika mkono wa kushoto wa sanamu. Pindo lilikuwa la kijivu. Kwa sweta lililoungua mpaka majivu, lilikuwa na afya njema kabisa. Hata nondo hawakuligusa.

Bado angeweza kujitungia hadithi. Waino alimwazima mtu. Waino alilipoteza, akaona haya kusema. Lakini hapo akatokea Reino Maki, mzee wa miaka tisini na moja, aliyekuwa akija kila Novemba na gari lake kumchukua Waino kwenda kambini, akipiga honi mpaka majirani wanaamka. Alikuja mbio kwa kasi ambayo kigari chake hakijawahi kuiona, blanketi mkononi.

"Darlene! Hili lifunikwe! Upepo mkali huu, litaharibika!"

"Mzee Reino, hilo ni sanamu, halipati mafua."

"Nasema lifunikwe, bwana!"

Na hakumtazama Lempi. Mzee ambaye kila mlo humkodolea macho apewe keki yake, leo alitazama ua, akatazama boga, akatazama viatu vyake.

"Reino," Lempi akamwita.

"Naam."

"Mwaka sabini na moja kambini mlikuwa wangapi?"

"Loo, mwanamke, miaka hiyo..."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Nitajie."

"Mimi. Eino. Arvo, Mungu amrehemu." Akaanza kulikunja blanketi.

"Na?"

"Mimi ni mzee, Lempi. Wa nne simkumbuki."

Mzee huyu alikuwa anakumbuka jina la kila mbwa aliyewahi kumfuga, na la mbwa wa jirani pia. Lempi akamrudishia Darlene daftari, akageuza kigari, akaingia ndani.

Aune alikuwa peke yake kwenye jiko dogo la nyuma ya ukumbi, anakata mkate wa iliki kwa kupapasa. Macho yake yalikuwa yamebakiza ukungu tu. Alipomsikia akageuka na tabasamu.

"Umeliona langu? Binti yangu Carol kaniletea gunia zima la nguo kuukuu za darini. Nikapapasa nikakuta sufu nzito, nikamwambia Darlene, hili hili, mvalishe. Limependeza?"

"Limependeza. Mkono wa kulia mfupi kwa vidole vinne."

Kisu kikasimama katikati ya mkate.

"Ulilipata wapi, Aune?"

"Hilo? Nadhani nililinunua kanisani, kwenye mnada wa nguo."

"Kanisa gani linauza majivu?"

Aune akaweka kisu chini. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Nje walikuwa wanacheka jambo jingine.

"Ilikuwa mara moja tu," akasema.

"Aune."

"Miaka sita. Kila Novemba."

"Wiki zote mbili za uwindaji?"

"Bwana wangu alikuwa melini, unajua. Meli zilikuwa hazirudi mpaka ziwa ligande."

Lempi alitaka kukaa pia, lakini kuketi naye kulionekana kwake kama kukubali kitu. Akashikilia kigari.

"Na kulungu? Kila mwaka alirudi na kulungu juu ya gari."

"Reino alikuwa anapiga wawili."

"Nikawachuna! Nikapika nyama ile, nikaijaza kwenye chupa, watoto wakala mpaka Pasaka, nami namshukuru Mungu kwa shabaha ya mume wangu. Na paja nilikuletea wewe. Kila mwaka."

"Uliniletea."

"Ukala?"

"Ningefanyaje? Ulikuwa umesimama mlangoni unangoja nionje."

Kama maneno hayo angeyasema mtu mwingine juu ya watu wengine, Lempi angecheka mpaka mbavu zimuume, kisha angekimbia kumsimulia Aune.

"Kwa nini ulikaa na sweta?"

"Alilisahau kwangu. Kesho yake nikataka kumrudishia, ukaja wewe. Ukanilalia begani unalia, limeungua, limeungua, na soksi za baba. Lilikuwa kabatini hapo nyuma yako. Ningelitoa vipi?"

"Kwa mkono."

Aune akakusanya makombo kwa kiganja.

"Na kuniita huku? Simu zote zile? Ulikuwa unalipa dhambi?"

"Nilikuwa mpweke, Lempi. Nilikutaka wewe. Si kwa ajili yake." Akanyoosha mkono kwenye ukungu, haukushika kitu. "Nakuomba kitu kimoja. Carol anakuja saa tisa na wajukuu. Alimpenda sana baba yake. Asijue."

Saa tisa kasorobo Lempi akaenda kuosha uso.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Kahawa, mkate, wajukuu wanakimbizana kati ya viti vya magurudumu. Carol, mwanamke mwenye mvi za kwanza, alikuwa amekaa na mama yake, anamfuta makombo kidevuni. Darlene akampa Lempi kipaza sauti na utepe wa buluu.

Lempi alikuwa ameamua. Aune aseme mwenyewe. Asiposema leo atasema kesho, lakini atasema yeye, kwa mdomo wake. Miaka hamsini wengine wote walikuwa wamemsemea.

"Mshindi ni Aune Saari," Lempi akasema. "Si kwa sanamu, sanamu ni baya kama mengine. Kwa sweta. Kazi ile naijua. Nililifuma mimi mwaka 1970, kwa ajili ya mume wangu Waino, aliyekuwa na mkono mfupi."

Makofi yakaanza, yakapungua. Wazee wale macho yameisha, magoti yameisha, lakini kwa mambo ya nani alikuwa na nani mwaka gani, hakuna aliyewahi kusahau tarehe. Reino akajiinamia kwenye kikombe.

Carol peke yake ndiye aliyefurahi. Akamshika mama yake mkono, akamleta mbele taratibu.

"Mama, hukuniambia kuwa ni kazi ya Bi Lempi! Miaka yote hii linakaa darini! Alikupa lini?"

Lempi akambandika Aune utepe kifuani, kwa shida, vidole vile. Kisha akampa kipaza sauti.

"Mwambie," akasema.

Akageuka, akaanza kuondoka. Hakutaka kuuona uso wake wakati akisema. Ilimtosha kusikia. Akafika mlangoni, akatoka kwenye ujia nje ya ukumbi, na vipaza sauti vya dari vikamfuata na pumzi za Aune, ndefu, zenye mikwaruzo. Lempi akasimama. Akajikuta anamwombea, baada ya yote, apate nguvu.

"Nilipewa na Lempi," Aune akasema. "Waino alipokuwa halitaki tena. Lempi ana moyo, jamani. Kila kitu alikuwa ananigawia."

Ukumbi ukapumua kwa pamoja. Makofi yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza, ya watu walioondolewa mzigo. Mtu akapiga mluzi. Bila shaka Reino.

Lempi alibaki ameshika kigari. Waino alimdanganya kwa aibu, Reino kwa urafiki, na Aune wa zamani kwa woga. Hayo mtu angeweza kuyalia na kuyamaliza. Lakini hili lilisemwa sasa hivi, mbele ya watu, na kwa jina lake yeye. Eti sweta alilolilia alikuwa amelitoa zawadi. Eti Waino alikuwa halitaki.

Akageuza kigari. Magurudumu yakagonga kizingiti, akayasukuma kwa nguvu, akapita kati ya viti, na makofi yakafa moja moja kadiri alivyokuwa anakaribia mbele. Aune alisikia magurudumu yale, aliyajua. Akashusha kipaza sauti.

"Lempi, shoga yangu..."

"Carol," Lempi akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Kaa chini kwanza, binti yangu. Na hao watoto, Darlene, watoe nje wakatazame masanamu."