Kioo cha Kuonea Sauti

Fundi cherehani wa mtaa wa pili aliirudisha redio yake, akaiweka mezani pangu bila kunitazama. Midomo yake niliisoma vizuri tu: "Bado inavuma, fundi. Kama nzi kwenye chupa."

Mimi nilikuwa nimeifungua, nikabadilisha nilichobadilisha, nikaweka kiganja kwenye spika, nikaona inatikisika, nikamwambia iko safi. Masikio yangu yamenikimbia tangu mwaka jana, hilo mtaa mzima unalijua. Kwamba nilikuwa nabahatisha, hilo lilijulikana siku ile, na niliona aibu mpaka shingoni.

Binti yangu alikuwa mlangoni. Ni muuguzi, naishi naye. Akanipigia kelele, kama wanavyonipigia wote siku hizi, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana: "Baba, tulikubaliana! Redio hiyo isipopona, karakana inafungwa."

Hatukukubaliana. Walikubaliana yeye na kaka zake, mimi nikiwa nimekaa katikati yao natazama vinywa vikikimbizana. Lakini simnyimi haki yake. Juzijuzi kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme ndani ya redio, ilinipasukia usoni. Ilikuwa imechemka na kupiga mluzi kwa muda, jirani alisikia kupitia ukutani, na mimi niliyeiinamia sikusikia kitu. Binti yangu huwapokea kazini waliochomwa na umeme, anajua wanafikaje. Sawa. Ila mimi ni fundi redio. Mkinitoa kwenye meza hii mtanikalisha wapi, kwenye kochi kama mto?

"Isipopona nitafunga mwenyewe," nikamwambia. "Ikipona, msiniguse."

Juu ya kabati nina majarida ya redio ya enzi za ujana wangu, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Katika mojawapo kuna mchoro wa osiloskopu ya kujitengenezea, yaani mashine inayochora umeme unaotetemeka, sauti ikiwemo, kwa mstari wa kijani kwenye kioo. Ujanani niliuruka mchoro ule. Niangalie mvumo wa nini wakati nausikia? Sasa nikaushusha, nikaupiga vumbi, nikautandaza mezani.

Kioo ninacho, cha duara, shingo ndefu, nilikichomoa kwenye mashine moja mbovu iliyotupwa. Sanduku nililikata kwenye bati la debe la mafuta. Transfoma niliitoa kwenye redio iliyokufa, nikaifunga nyuma kabisa, maana ikikaribia kioo huuvuta mstari ukapinda. Na mbele nikaweka kitaa chekundu ambacho hakizimiki mpaka umeme wote uliojificha ndani uishe. Hicho hakipo kwenye jarida. Hicho nilimwekea binti yangu. Kikiwaka, mkono wangu hauingii.

Nilipowasha mara ya kwanza, shingo ya kioo iliwaka wekundu kidogo, uso wake ukabaki giza. Nikakagua kila waya, kila waya uko kama mchoro unavyosema. Siku nzima nililitukana jarida, nikamtukana aliyelichora, nikawatukana wazazi wake. Binti yangu alipita na beseni la nguo, akatazama, akapita tena.

Kesho yake nilikuwa nimekigeuza kioo kichwa chini nikikipangusa, macho yakaangukia miguu yake, ile sindano ya kuunganishia waya. Wachoraji wote wa redio huchora miguu kama inavyoonekana ukiitazama kwa chini. Mimi nilikuwa nimeihesabu kutoka juu. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwao. Kosa hilo nilikuwa nawapigia makofi ya kisogo wanafunzi wangu, wengine leo wana maduka yao. Nikacheka peke yangu karakanani, mzee mzima, nikachukua pasi ya kulehemu, nikafumua waya zote.

Safari hii mstari ulitokea. Mwembamba, wa kijani, umetulia katikati ya kioo. Nilisimama nikautazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Nikaunganisha redio ya fundi cherehani. Mstari ukapanda na kushuka, milima midogo iliyofuatana sawasawa: mvumo wenyewe, huo hapo, hauna pa kujificha. Nikafuata njia ya umeme kituo kwa kituo mpaka kwenye kapasita ambayo mara ya kwanza niliiacha kwa kudhani ni nzima. Nikaitoa, nikaweka nyingine. Milima ikalala.

Fundi cherehani alipokuja, aliinamisha sikio kwenye spika akakaa hivyo. Binti yangu akainama upande wa pili. Wakatazamana. Fundi cherehani akaibeba redio yake kifuani, akanishika mkono, akaenda zake. Tukabaki wawili.

"Haya," nikasema. "Toa hukumu."

Akachukua maikrofoni niliyokuwa nimeiunganisha na mashine kwa majaribio, akanigeuzia mgongo, akasema humo alichosema. Midomo yake sikuiona. Mashine haisomi maneno, inaonyesha sauti tu. Nilichoona ni mawimbi madogo, yakija, yakikatika, yakija tena. Nilijua kelele zake zingefika ukingoni mwa kioo. Haya hayakufika hata nusu. Mwaka mzima hakuna mtu aliyeongea na mimi polepole.

Lakini sikutaka huruma. "Kama unanifukuza," nikamwambia, "geuka, unifukuze usoni."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. Akasema bila kupaza, nami nikasoma kila neno: "Nimesema meza hii tuisogeze dirishani. Hapa gizani utaharibu na macho."

"Shika upande ule," nikamwambia. "Na usiburute, inua."