Mashindano ya Mitumbwi Salale

Kikundi cha Kibiti kilichoandaa sherehe za jamii kilikuwa kimechoka kurudia ngoma na mpira kila mwaka, kwa hiyo wazo la Bi Waride wa Salale lilipokelewa kwa vigelegele: mashindano ya mitumbwi ya wanawake. Wanawake hao walikuwa wamepiga kafi miaka yote kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na hakuna aliyewahi kuwashangilia.

"Iwe siku ya mwezi mpevu, saa kumi alasiri," alisema Waride.

Hanifa, katibu, aliiandika siku hiyo. Saa akaibadilisha, maana mgeni rasmi alitaka kurudi mapema.

"Saa nne asubuhi, mwanangu?" Waride aliuliza. "Tutapiga kafi kwenye tope?"

"Shangazi, ratiba imeshachapwa."

Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mpevu, maji ya bahari hutoka yote asubuhi, yakarudi alasiri. Kila mtoto wa Salale analijua hilo, ila Hanifa hakuuliza. Siku ilipofika, mitumbwi kumi na miwili iliyopakwa rangi mpya ililala ubavu juu ya tope.

"Kumbe tunashindana na kaa!" mwanamke mmoja alitania, wenzake wakacheka. Waride hakucheka. Mgeni rasmi alihutubia, akaondoka, na watu wakatawanyika. Saa kumi maji yalijaa pomoni, ufukwe mtupu.

Kikao kilichofuata, Hanifa alifungua daftari kuomba mawazo mapya. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi. Alipomtazama Waride, aliuliza kitu kingine.

"Shangazi, una wazo?"

"Mie nilikuwa nalo moja tu, mwanangu."

Hanifa akaandika jina la Waride, na mbele yake: hakuna.