Pini ya Thelathini

Siku moja kabla ya dripu huwa nameza vidonge vitano vyeupe vya kuuandaa mwili, na vidonge hivyo hunitia kiherehere cha mtu aliyesahau chungu jikoni. Situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama nazunguka, nikizunguka nagombana na kitu. Asubuhi ile niligombana na pasi, nikagombana na kalenda, kisha mdogo wangu akaamka ikabidi ninyamaze.

Mdogo wangu tunamwita Redio tangu utotoni, maana haishiwi matangazo. Daktari aliposema titi langu lina saratani, Redio alihamia kwangu na mabegi mawili na sheria moja: ndani ya nyumba hii halitamkwi neno baya. Nikisema nimechoka, ananisahihisha, "Sema mwili unapumzika, Dada." Nikitapika, "Unaona? Dawa hiyo inafanya kazi!" Nywele zilipodondoka alipiga vigelegele, akasema kumbe nina kichwa kizuri namna hii nimekificha miaka yote. Nampenda, lakini kuna siku nilitamani awe na kitufe cha kuzimia.

Basi nikajikaza kisabuni. Dozi ya kwanza, niko poa. Ya pili, poa. Ya tatu, poa. Ya nne pia nilisema poa, na hapo nilikuwa nadanganya mchana kweupe. Vidole vya mikono vilikuwa vimekufa ganzi, na nyayo nilizisikia kama nimezivika soksi nene hata nikiwa peku. Sikumwambia mtu. Si kwa sababu ya Redio peke yake, nisimsingizie. Mama mmoja aliyekuwa akikaa kiti cha dirishani kule wodini alilalamikia ganzi hiyohiyo, nikasikia daktari akimwambia dripu yake isubiri kwanza. Sikumwona tena. Mimi nilibakiwa na dozi mbili, na nilishaapa kuzimaliza hata kwa kutambaa. Isitoshe, mimi ni fundi cherehani, kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita. Fundi asiye na vidole ni nani?

Siku hiyo nilikuwa namalizia sare ya nesi wa wodi yetu, yuleyule anayenitafutia mshipa kila nikienda. Aliniletea kitambaa cheupe mwenyewe, akalalamika kwamba za dukani zinambana mabega. Nikamwahidi ataichukua saa nne.

Nina utaratibu niliofundishwa na aliyenipa ufundi, na alinifundisha kwa rula ya mti. Kimto changu kina pini thelathini. Nguo haitoki mlangoni mpaka zote thelathini zimerudi kimtoni. Mteja akichomwa na pini yako, umekwisha, hata ungeshona namna gani. Saa tatu nilimaliza kupiga pasi kola, nikahesabu. Ishirini na tisa.

Nikahesabu tena kwa sauti. Ishirini na tisa. Nikaikung'uta sare, nikapapasa pindo, kisha nikakumbuka kwamba kupapasa kwangu siku hizi ni bure. Nikatoa sumaku, nikaiburuta sakafuni toka mlangoni hadi ukutani. Ikaniletea sindano mbili zilizovunjika na kibanio cha nywele cha enzi zile nina nywele. Nikapiga magoti, nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi nilikotoka. Jasho likanitoka.

Redio akaja na chai. "Dada, pini moja tu! Usijipe presha. Itajitokeza yenyewe."

"Ijitokeze wapi? Kwenye ubavu wa nesi?"

"Wewe fikiria mazuri."

"Mimi nafikiria pini!"

Nikachukua mkasi nikaanza kufumua. Pindo lote, kisha mshono wa ubavuni, kisha mkono wa kushoto ambao nilikuwa nimeushona vizuri kuliko wa kulia. Redio alisimama pale na kikombe, matangazo yamemkauka kwa mara ya kwanza. Hamna pini. Nilikuwa nakaribia kulia, na sikutaka kulia kwa ajili ya pini wakati sikuwa nimelia kwa ajili ya titi.

Nesi akabisha hodi saa nne kamili. Redio akawahi kunisemea, kama anavyonisemea hospitali. "Karibu! Fundi yuko fiti kabisa, nguo imebaki kidogo tu!"

"Haijabaki kidogo," nikasema. "Nimeifumua. Kuna pini imepotea na sikupi nguo mpaka niione." Nikaendelea kwenda na kurudi kati ya cherehani na dirisha, namweleza nilipokwisha kutafuta.

Nesi hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama sakafu. "Fundi, simama. Usikanyage tena. Kaa chini."

Nikatazama alipotazama. Sementi ilikuwa na vidoa vyekundu, kimoja kila hatua moja, toka cherehani hadi dirishani na kurudi. Nikakaa. Akauinua mguu wangu wa kulia, akaushika kama anavyoushika mkono wangu wodini, akavuta. Pini ya thelathini ikatoka unyayoni mwangu, nzima, ndefu, ilikuwa imezama hadi kichwani.

Nikajua ilivyokuwa. Huwa nakanyaga cherehani peku. Pedali yake ni ya chuma chenye matundu, na pini ikidondoka humo husimama ncha juu. Nilikuwa nimeikanyaga tangu asubuhi, mshono baada ya mshono.

"Iliingia saa ngapi?" nesi akauliza.

"Sijui."

"Hukuisikia?"

Akachukua pamba na spiriti kwenye mkoba wake, akakisafisha kidonda, kisha akaniambia nifumbe macho na nitaje anagusa kidole gani cha mkono. Nikataja cha shahada. Nikasikia Redio akivuta pumzi. Nilipofumbua macho, nesi alikuwa ameshika kidole changu cha mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya dozi ya tatu."

"Na kila mara nikikuuliza unaniambia poa." Hakufoka, ningependa afoke. "Damu yako sasa hivi haina askari, Fundi. Kidonda kama hiki ungetembea nacho wiki nzima bila kujua, kingekumaliza kabla ya saratani."

"Mngenikatia dawa. Kama yule mama wa dirishani."

"Yule mama alibadilishiwa dawa na siku yake. Anakuja Jumatatu. Amenenepa."

Nikaona aibu, nikaona na hasira, sijui ipi ilitangulia. Redio aliweka kikombe chini. "Dada, ganzi yote hiyo mbona hukuniambia mimi? Mimi ninayelala chumba kimoja na wewe?"

"Ningekwambia kwa neno gani? Mazuri yalikuwa yameniishia."

Akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa kwikwi, mabega yanacheza. Mimi nami nikalia. Nesi akatuacha tulie, akaokota sare yake iliyofumuliwa vipande, akaikunja.

Kesho yake tulikaa mbele ya daktari, mguu wangu umefungwa bandeji. Akafungua faili, akauliza kama kawaida yake, "Haya, tunaendeleaje?"

Redio alifungua mdomo. Nikaona poa ikija ulimini mwake. Akaufunga, akanitazama, akautafuta mkono wangu chini ya meza. Akaviminya vidole, nami sikusikia kitu. Nadhani aliona usoni mwangu, maana aliupandisha mkono wake taratibu, kiganjani, kifundoni, kwenye mkono, akiminya kila alipofika na kuniangalia, mpaka karibu na kiwiko nikatikisa kichwa kumkubalia kwamba hapo nasikia. Akashika hapohapo, akakaza.

"Naogopa, daktari," nikasema. "Halafu kuna mambo sijakwambia."

Daktari akachukua kalamu. Redio hakunisahihisha.